Karatasi Ndogo za Wifi

Mkasi alikuwa fundi cherehani. Jina hilo alipewa na wateja. Mkono wake ulikata kitambaa bila kukosea, na ulimi wake ulikata watu vivyo hivyo. Alishona katika chumba kimoja na wifi yake, dada wa mumewe. Cherehani zao mbili zilitazamana, na katikati palikuwa na meza ya kukatia.

Chumba kile kilikuwa na utaratibu, na utaratibu wote aliuleta wifi. Pateni za asili, yaani vielelezo vya kukatia nguo vya karatasi ngumu, zilikaa kabatini wala hazikutoka. Ukitaka kushona, ulinakili pateni kwenye karatasi nyepesi. Nakala hiyo ilipigwa muhuri mwekundu juu, mwanzoni kabisa. Nakala isiyo na muhuri haikushonwa. Ilikuwa ya watu wengine.

Halafu kulikuwa na zile karatasi ndogo. Nguo za mteja zikitosha, wifi alikata kikaratasi cha ukubwa wa ukucha. Alikibana kwa pini juu ya nakala. Maana yake ilikuwa: acha, zimetosha.

Mkasi alivichukia vikaratasi vile. Siku moja hakukiona kimoja, akashona kola sitini badala ya arobaini. Wifi alicheka mbele ya wateja.

"Wifi yangu kushona anajua," alisema. "Kuacha ndiko kunakomshinda!"

Wateja walicheka. Mkasi naye alicheka, lakini kwa meno tu. Tangu siku hiyo alikuwa na kijiba cha roho. Wifi akipata mteja, Mkasi aliona kaibiwa. Wifi akivaa gauni jipya, Mkasi alilitafuta kosa kwenye pindo.

Jumatatu moja watoto wao waliugua siku moja. Binti ya Mkasi alikuwa na miaka mitano, mfupi na mnene, watu walimwita Kifungo. Binti ya wifi alikuwa mwembamba na mrefu, wakamwita Uzi. Wote wawili walikuwa na mafua, kikohozi na homa.

Jumatano asubuhi Uzi alikuwa nje anaruka kamba. Kifungo alikuwa amelala juu ya vipande vya vitambaa, nyuma ya cherehani ya mama yake. Macho yalikuwa mekundu. Paji la uso lilikuwa la moto kama pasi.

"Bado tu, wifi?" wifi aliuliza. "Pole. Wangu jana kaamka anadai uji, kamaliza bakuli zima!"

"Nimeshapoa," Mkasi alijibu. Moyoni alisema: Mtazame. Hata kwa ugonjwa anataka kunishinda.

Nje kamba ilipiga chini, pa, pa, pa. Kila pigo lilimwingia Mkasi kifuani. Kwa nini mtoto wa yule apone, wangu alale? Uji ni ule ule. Hewa ni ile ile. Kuna kitu ananificha.

Kidogo wifi akafungua droo yake ya nyuzi. Alitoa kidonge cha rangi mbili, nyekundu na njano. Akakificha kiganjani, akatoka nacho nje kwenye mtungi wa maji.

Mkasi aliacha kukanyaga cherehani. Kumbe! Dawa anayo! Wangu anaungua hapa, yeye anafungia dawa na nyuzi!

Wifi alipokwenda kununua vifungo, Mkasi alifungua droo. Alichukua vidonge vinne. Alikifungua kimoja, akamwaga unga wake kwenye maji ya sukari.

"Kunywa, mwanangu. Kesho utamshinda Uzi kwa kamba."

"Chungu, mama."

"Kunywa!"

Kifungo alikunywa. Baada ya muda mfupi alitapika juu ya vitambaa. Akalia bila nguvu, akajikunja.

Wakati huohuo mteja aliingia. Alikuwa mpimaji wa maabara katika kituo cha afya cha jirani. Alifuata makoti yake meupe mawili.

"Hodi, mafundi! Leo mtaniambia kesho tena?"

"Karibu, mpimaji," Mkasi alisema, akifuta sakafu. "Koti moja bado mikono."

"Basi nitapima damu kwa mkono mmoja." Kisha alimwona mtoto, na utani ukaisha. "Huyu ana homa tangu lini?"

"Juzi."

"Kapimwa?"

"Kila siku nampima kwa kiganja."

"Dada, kiganja hakisomi damu. Homa si ugonjwa mmoja." Alipiga magoti, akatazama kifua cha Kifungo kikipanda na kushuka. "Anapumua vizuri. Anakunywa? Anakojoa?"

"Ndiyo."

"Umempa dawa gani?"

Mkasi aliendelea kufuta sakafu. Wakati huo wifi alirudi na vifungo vyake, akafungua droo.

"Ajabu," wifi alisema. "Vidonge vyangu vimepungua. Nimebaki na vitatu!"

"Vyako?" Mkasi aliuliza.

"Vyangu, ndiyo. Sindano ya cherehani ilinitoboa kidole Jumamosi, kikatunga usaha. Kituoni wamenipa hivi, nimalize siku zote." Alinyanyua kidole kilichofungwa kitambaa. "Nilikuwa namezea nje, usije ukanicheka. Fundi mzima kujishona!"

Kidole kile alikuwa amekiona tangu Jumatatu. Alikuwa amekiona, lakini hakukitazama. Alikuwa akitazama kamba tu.

"Na Uzi?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Uzi ulimpa nini?"

"Uji, maji, na dawa ya kushusha homa kwa kipimo nilichoambiwa. Basi."

Mkasi alitoa vidonge vitatu mfukoni mwa aproni. Akaviweka juu ya meza ya kukatia.

"Nimeviiba, wifi. Cha nne nimempa mtoto. Nilidhani unanificha dawa. Nilikuonea wivu."

Wifi alivuta pumzi ndefu. "Tutagombana baadaye," alisema. "Mbebe mtoto, twende."

Walikwenda kituoni wote. Mkasi alimwambia daktari kila kitu, hata wizi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hakutaka kuumbuliwa kwa mwanawe. Daktari alimsikiliza Kifungo kifua, akamwangalia masikio na koo. Damu ilipimwa. Malaria haikuwapo. Yalikuwa mafua ya virusi. Kutapika kulikuwa kwa kile kidonge, na hakikuacha madhara mengine. Wifi alipewa kidonge cha kufidia, akaambiwa asikose hata kimoja.

Alasiri mpimaji alirudi kuchukua makoti. Mkasi alikuwa anamalizia mkono wa mwisho, Kifungo akiwa mapajani mwa shangazi yake.

"Mpimaji, nieleze," Mkasi alisema. "Watoto wameugua pamoja. Kwa nini wa wifi kapona, wangu bado?"

Mpimaji alitazama meza. Akachukua nakala moja ya pateni.

"Mwili wa Kifungo una vyumba vidogo visivyohesabika, mfano wa hiki. Vinaitwa seli. Kila seli ina kabati, na ndani yake kuna pateni ya asili. Hiyo ni DNA. Seli ikitaka kushona kitu, inanakili. Nakala inaitwa RNA. Hiyo ndiyo inayokuja mezani."

"Kama sisi."

"Kama nyinyi. Sasa kirusi wa mafua hana cherehani. Ana pateni yake tu, nayo ni RNA. Anaipenyeza kwenye seli, ili seli imshonee virusi wenzake."

"Mshenzi huyo!" wifi alisema. "Ashonewe bure!"

"Lakini seli ina walinzi. Kazi yao ni kupapasa RNA. Nakala zetu zina kama kofia mwanzoni. Walinzi wakikuta RNA isiyo na kofia, wanajua ni ya mgeni. Hata DNA ikikutwa mezani badala ya kabatini, wanashtuka."

"Muhuri mwekundu," Mkasi alisema polepole.

"Barabara. Hapo walinzi wanapiga king'ora. Seli jirani zinajiandaa, askari wa mwili wanaitwa, joto linapanda. Homa uliyoishika kwa kiganja ni sehemu ya king'ora hicho."

"Na vidonge vile?"

"Vinaua bakteria. Bakteria ana kiwanda chake mwenyewe, na dawa inakibomoa. Kirusi hana kiwanda. Ukimpa mtoto vidonge hivyo, kirusi wala hajui. Na ukipunguza dozi ya mwenye kidole, bakteria wake wanaweza kubaki hai, na kidole kikaharibika."

Mkasi aliinamisha kichwa. Wifi aliuliza, "King'ora kikilia bila kunyamaza?"

"Kitaumiza mwili wenyewe. Ndiyo maana seli ina hizi." Mpimaji alishika kikaratasi kimoja kwa ncha za vidole. "Zinaitwa maikro-RNA. Ni vipande vifupi mno vya RNA. Vinang'ang'ania nakala za king'ora na kusema: acha, imetosha. Vipo na vingine vinavyofanya kinyume, vinaongeza sauti panapohitajika. Mwili unapima, hadi pawe sawasawa."

"Kwa hiyo Uzi..."

"Uzi hakupata siri yoyote. Huenda aliwahi kukutana na kirusi wa aina hiyo. Huenda mwili wake una kasi nyingine. Hata mimi siwezi kukwambia hasa ni kipi. Mtoto hapimwi kwa mtoto mwenzake. Mpe maji, uji, mapumziko. Ila akipumua haraka, mbavu zikibonyea, akishindwa kunywa, akilegea au akipata degedege, mkimbize kituoni saa hiyohiyo. Na homa ikizidi siku tatu, mrudishe."

Mkasi alikata uzi wa mwisho. Alimpa mpimaji makoti yake. Kisha akamgeukia wifi.

"Ulisema tutagombana baadaye."

"Nimesahau tulikuwa tunagombania nini," wifi alisema. "Lakini kidole kinauma, kwa hiyo kola za leo utashona wewe."

"Ngapi?"

"Arobaini. Ukifika sitini nakufukuza."

Ijumaa asubuhi cherehani zilikuwa zikinguruma. Nje kamba ilipiga chini, pa, pa, pa. Mkasi alisikia, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo aliisikia kama kamba tu. Mara Kifungo akasimama nyuma yake. Paji la uso lilikuwa limepoa. Mikono ilikuwa kiunoni, midomo imevimba kwa hasira.

"Mama! Uzi anarukia kamba yangu! Na amepata zamu mbili!"

Wifi aliachia kicheko. Mkasi alimkumbatia mwanawe mpaka akapiga kelele. Kisha alikata kikaratasi cha ukubwa wa ukucha, akakibana kwenye mkono wa gauni la Kifungo. Alifikiri kidogo. Akakata cha pili, akakibana kwenye gauni lake mwenyewe, palepale kifuani palipokuwa na kile kijiba.

"Hiki nini, mama?"

"Muulize shangazi yako," Mkasi alisema. "Yeye ndiye fundi wa hivi."