Mashine Hairudi Dukani

"Hairudi," alisema Cheche.

"Inarudi, tena leo hii," alijibu mjomba wake. Alikuwa ameshachomoa waya ukutani. Sasa alipiga magoti kwenye sakafu ya karakana, akiifunga mashine kamba kama mbuzi anayepelekwa mnadani. "Nilisema tangu siku mliyoileta. Rahisi huvunja upishi. Nani alinisikiliza?"

"Tulikusikiliza, mjomba. Hatukukubali tu."

"Dada, unamsikia mwanao?"

Mama alikuwa anamsikia sana. Mtaa mzima ulimwita Mama Visu, kwa sababu yeye ndiye aliyetengeneza visu vya karibu kila jiko la pale. Alikaa kwenye kigoda chake akikigeuzageuza kisu kimoja, uso ameukaza. Kisu hicho kilikuwa kimerudishwa muda si mrefu na mpishi mkuu wa hoteli ya mtaa wa pili. Mpishi hakugomba. Afadhali angegomba. Alikiweka mezani, akasema, "Kimekata karoti, makali yakajikunja. Karoti, mama, siyo mfupa." Kisha akaenda zake.

Cheche alikuwa ndiyo kwanza ametoka shule, sare bado mwilini, mfuko wa madaftari begani. Alijisogeza taratibu mpaka akasimama kati ya mashine na mlango. Alikuwa binti wa miaka kumi na mitatu, na jina hilo la Cheche alipewa na mama kwa jinsi alivyokuwa anarukia kila jambo.

Mashine yenyewe haikuwa na sura ya kupiganiwa. Ilikuwa mkanda wa msasa uliozunguka juu ya magurudumu mawili, ukisukumwa na mota, na chuma kikigusishwa hapo kinasagika. Ilikuwa imepakwa rangi ya kijani kwa mkono, na aliyeipaka alikuwa na haraka. Lakini Cheche aliichagua kwa akili. Dukani kulikuwa na tatu. Moja ilikuwa kubwa na nzuri, ila hawakuiweza hata kwa ndoto. Nyingine ilikuwa ndogo, mpya, inang'aa, na mota yake imefichwa ndani ya mwili ule ule. Ya tatu ndiyo hii. Mota ilikaa peke yake, ikaunganishwa na magurudumu kwa ukanda wa mpira uliopita juu ya puli mbili, vigurudumu vyenye mfereji wa kushika ukanda.

"Tuchukue hii, mama," alisema siku ile. "Hii inafunguka. Kinachofunguka kinatengenezeka."

Mama alicheka, wakaichukua. Alikuwa amechoka. Miaka yote alichonga visu kwa tupa, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka bega la kulia likawa haliinuki kufikia kitasa cha juu cha kabati. Mashine ikirudi dukani, mama anarudi kwenye tupa. Hilo ndilo lililomfanya Cheche asimame pale mlangoni kama nguzo.

"Toka njiani, mpwa wangu," alisema mjomba. "Mashine hii ina kasi ya kichaa. Imeunguza kisu, kisu kimemwaibisha mama yako. Kesi imekwisha."

"Siyo mashine."

"Ni nini basi?"

Ulimi wa Cheche ulitangulia kabla akili haijavaa viatu. "Ni chuma. Chuma ni kibovu."

Mjomba aliiacha kamba, akasimama. Yeye alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, karakana yake ilipakana na hii, na ndiye aliyempa dada yake vyuma vyote vya visu. Alivitoa kwenye springi za magari yaliyokwisha kazi, akavichagua kimoja kimoja.

"Chuma changu ni kibovu?"

Cheche alijua kwamba hapo ndipo pa kurudi nyuma. Hakurudi. "Labda springi ilikuwa imechoka."

"Haya," alisema mama. Ilikuwa mara ya kwanza kufungua kinywa. "Leta tupa."

Cheche akaileta. Mama alikibana kisu kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, makali juu.

"Chuma kigumu, tupa huteleza juu yake. Chuma laini, tupa hukila. Unajua hilo?"

"Najua."

"Basi piga wewe. Anzia karibu na mpini."

Cheche alipitisha tupa karibu na mpini. Iliteleza kama ukucha juu ya kioo. Akapitisha katikati. Ikateleza. Akakaribia ncha, na hapo tupa ikauma. Kijivumbi cha chuma kikadondoka mezani, cheusi, chepesi, na hakuna ambaye hakukiona.

"Chuma kibovu huwa kibovu chote," alisema mama. "Hiki kimelainika nchani tu. Ncha ndiyo nyembamba, ndiyo hupata moto upesi, na moto wa kusagia hulainisha. Nilisema nini kuhusu mashine hii?"

"Tusisage makali ya kisu kilichokwisha kugumishwa mpaka tuipunguze kasi."

"Tuliipunguza?"

"Bado."

"Mimi makali haya nilisema yamaliziwe kwa tupa na jiwe la kunolea. Nani aliyamalizia kwa mashine?"

Mjomba alimtazama Cheche. Cheche alitazama sakafu, lakini sakafu haikuwa na msaada wowote. Angeweza kusema hajui. Mama asingekuwa na ushahidi. Ila mjomba alikuwa bado amesimama pale na tusi la chuma kibovu usoni, na jambo hilo lilimkera Cheche zaidi ya alivyotarajia. Akainua kichwa.

"Ni mimi. Mlipokwenda sokoni. Nilitaka muone kwamba mashine inaweza kumaliza kisu mpaka mwisho, ili mjomba aache maneno. Nikavaa glavu zake zile nene za kuchomelea, kwa hiyo sikusikia joto. Ncha ikawa njano, halafu kahawia, halafu bluu."

"Na bluu nilikufundisha maana yake."

"Ulinifundisha."

"Mbona mimi sikuiona?"

"Niliisugua kwa msasa laini mpaka ikatoka." Alikaza sauti. "Kosa ni langu. Chuma cha mjomba hakina kosa, na mimi namwomba radhi hapa hapa. Lakini mashine nayo haina kosa, na hairudi. Nipigeni, ninyimeni chakula, hairudi."

"Nani kasema atakupiga?" alisema mjomba, akijaribu kubaki na hasira, ila ilikuwa inamponyoka. "Mtoto huyu anaomba msamaha kama anadai deni."

Mama hakucheka. "Umesema haina kosa. Kasi yake je?"

"Kasi ni ya puli. Puli kubwa iko kwenye mota, ndogo iko kwenye gurudumu. Ndiyo maana mkanda unakimbia. Ni kama baiskeli ya gia. Ukiweka gia kubwa mbele na ndogo nyuma, unaruka barabarani. Ukigeuza, ndogo mbele na kubwa nyuma, unakwenda polepole ila una nguvu ya kupanda mlima. Tubadilishane puli hizi mbili tu. Hatununui kitu."

Mjomba alikuna kidevu. Aliinama, akazitazama puli zile, kisha akapima matundu yake kwa kidole. "Hazitaingia. Mhimili wa mota ni mnene kuliko wa gurudumu. Ile ndogo itagoma kuingia, na ile kubwa itacheza."

"Ndogo tutatoboa tundu lake likue. Kubwa tutaiwekea pete ndani."

"Pete utaitoa wapi?"

"Kwako," alisema Cheche. "Una vipande vya bomba vimejaa ndoo nzima. Na wewe ndiye fundi. Au springi zako tu ndizo nzuri?"

Mama aligeuka akatazama ukutani ili asionekane anatabasamu. Mjomba aliifungua kamba aliyoifunga mwenyewe, huku akinung'unika kwamba watoto wa siku hizi wamezaliwa wakiwa na mawakili wao.

Walifanya kazi mchana ule bila kupumzika. Mjomba alitoboa tundu la puli ndogo, akakata pete ya bomba, akaisugua mpaka ikakaa sawasawa ndani ya ile kubwa. Cheche alifungua nati, akashika taa, akaulizwa, akajibu. Walipoutoa mkanda wa msasa, mama aligonga kwa kidole lile bamba la nyuma linalouzuia mkanda usibonyee. Lilikuwa bati jembamba kama mfuniko wa kopo la rangi.

"Hili nalo ni tatizo," alisema. "Ukilikandamiza linabonyea, kisu hakiwi sawa, unazidi kukandamiza. Kukandamiza ndiko kunakoleta moto."

Mjomba alileta kipande cha chuma kinene, bapa, kilichonyooka. Wakakifunga mahali pa lile bati. Mama akaweka ndoo ya maji miguuni, akampa Cheche miwani ya kukinga macho na barakoa ya vumbi.

"Glavu hapana," alisema. "Vidole ndivyo vitakavyokuambia. Kisu kikianza kupata joto, kichovye majini. Usingoje rangi."

Waya ukachomekwa. Mashine haikupiga kelele kama zamani. Ilinguruma chini chini, mkanda ukapita kwa utulivu kiasi kwamba mtu angeweza kuona mahali ulipoungwa. Cheche alichukua kisu ambacho makali yake hayakuwa yamemalizwa, akakigusisha. Akasaga kidogo, akachovya. Akasaga, akachovya. Mara moja alitamani kuendelea kidogo tu, kwa kuwa mstari wa makali ulikuwa unatoka vizuri, lakini vidole vikasema, akachovya.

Mama alikibana kisu kwenye jiliwa, akapitisha tupa mwenyewe kutoka mpini hadi ncha. Iliteleza kote.

"Haya," alisema mjomba. "Sura haina, lakini kazi inafanya. Kama mimi tu."

Mama aliizima mashine. Alimgeukia binti yake, na Cheche akajua kwamba lile lililokuwa linangojwa limefika.

"Sikiliza. Bluu siyo uchafu. Ni chuma kinakuambia kimeungua. Ulipoisugua hukukiponya, ulikinyamazisha. Kitu kilichoumia ukikinyamazisha hapa, kitakwenda kusema kwingine, mbele za watu, kama kilivyosema mbele ya karoti za mpishi. Sasa, ubishi wako mimi siutaki uishe. Leo umeniokolea bega. Lakini mtu mbishi inampasa awe mkweli kuliko watu wote, maana siku akishikwa na uongo mmoja, hata ukweli wake hakuna atakayeusikiliza. Umenielewa?"

"Nimeelewa." Cheche alivua miwani. Ikamwachia miduara miwili misafi kwenye uso wa vumbi. "Mama, kuna vingine viwili."

"Viwili nini?"

"Visu. Nilisaga vitatu siku ile. Viwili bado viko kwa mpishi. Navyo viliungua, navyo nilivisugua."

Mjomba alipiga mluzi. Mama alifumba macho, akayafumbua. "Chuma hakijafa. Nitavipasha moto upya, nivichovye, viwe vigumu tena. Ila lazima viwe mkononi mwangu."

"Kesho nitapita pale," alisema mjomba. "Nitamwambia mpishi kuna matengenezo madogo. Hana haja ya kujua yote."

"Huko ni kusugua tena kwa msasa, mjomba," alisema Cheche. "Naenda mimi. Sasa hivi. Hivi tunavyoongea, anavitumia."

Hakungoja ruhusa, na mama hakumwita. Alitoka na sare yake yenye vumbi, akavuka barabara, akapita uchochoro wa nyuma ya hoteli, akagonga mlango wa jikoni. Mpishi mkuu alifungua mwenyewe, kitunguu mkono mmoja, kisu mkono mwingine. Cheche alikitambua kisu.

"Mama yako amekutuma?"

"Hapana, nimekuja mwenyewe. Hicho ulichoshika niliunguza ncha yake, halafu nikaficha. Na kingine pia. Siyo mama, ni mimi. Nimekuja kuvichukua tukavitengeneze."

Mpishi alimtazama kuanzia miduara ya macho hadi viatu. Akaisukuma ncha ya kisu kwenye ubao wa kukatia, ikapinda kidogo, ikabaki imepinda. Akaguna. Alikifuta kwa aproni, akaleta na kile cha pili, akamkabidhi Cheche, mipini ikimwelekea.

Cheche alivizungushia gazeti, akashukuru, akarudi kwa hatua ndefu. Alipoingia karakanani, mama alikuwa ameshawasha tanuri.