Matumbo Juu ya Chuma

Yaliyompata Mureithi, rafiki yangu wa Buruburu, yalimpata mchana kweupe, tena akiwa kazini. Kazi yake ni kuvipiga eksirei vyuma vikiwa bado vya moto, katika kiwanda kimoja karibu na Mukuru kwa Njenga, aone kama vina ufa au mapovu ndani.

Siku hiyo wenzake walikuwa wamefanya uchafu wao wa kila siku. Walitandaza matumbo ya chakula cha mchana juu ya chuma kinachopoa, mafuta yakachuruzika, harufu ya samadi iliyoungua ikajaa kila mahali. Mureithi alisikia kinyaa, lakini mwenye njaa hana miiko. Alikula.

"Mureithi, hebu wacha kula kidogo," akasema Bedan, mwenzake. "Kile chuma tulichochomea nyama kinagonga-gonga huko ndani. Kipige picha."

Mureithi akaingia chumba cha giza, sahani mkononi, chuma kikiwa tayari kimewekwa mbele ya mashine, akaiwasha. Kwenye skrini chuma kilikuwa na shimo. Mashimo ameyaona mengi, ila hili lilikuwa na safu mbili za vitu vyeupe, zikiachana na kukutana polepole. Gizani akasikia mtu anatafuna kwa mate mengi. Akadhani ni yeye. Akaacha kutafuna.

Sauti ikaendelea.

Akawasha taa, akageuza kipande kilichobaki sahanini. Upande wa chini, ule uliolalia chuma, ulikuwa umeng'atwa, na mate bado yalikuwa yakivutika kama uzi.