Kisima Kilicho Chini ya Mchanga

Kila asubuhi kabla ya shule, mimi na Mama hushuka mtoni na mitungi. Ukija kwetu Kinanie wakati wa kiangazi utacheka: mto wenyewe ni mchanga mtupu, mbuzi wanavuka bila kulowa kwato. Lakini chimba kwa kata mpaka kina cha goti, subiri kidogo, na maji safi yatachuruzika shimoni. Susu, yaani nyanya yangu, alikunywa maji hayo tangu utotoni.

Asubuhi moja ya Julai maji yalitoka ya kahawia, yakinuka ngozi mbichi. Mama aliyamwaga, tukachimba pengine, yakawa vilevile. Hatukuwa na haja ya kuuliza sababu. Huko juu, Bwana Munyao alikuwa amefungua kiwanda kidogo cha kuosha ngozi, na bomba lake lilimwaga uchafu mchangani. Tufanyeje sasa? Tuliyachemsha tukanywa, kwa kuwa hatukuwa na mengine.

Wiki haikuisha kabla ya ndugu yangu mdogo, Muema, kuanza kuhara na kutapika. Macho yalimwingia ndani. Muuguzi wa zahanati alisema, "Msimpe maji hayo tena." Haya, tumpe yapi?

Mama alinishika mkono tukaenda kwa Munyao. Alitusikiliza huku akicheka.

"Mama Kalekye, hebu nionyeshe mto! Mimi niko na cheti cha kuendesha kiwanda. Sheria ya siku hizi inakataza kumwaga taka mtoni. Hapa kuna mto? Huu ni mchanga tu!"

Tulimwendea chifu. "Ngojeni, nitaandika," akasema. Tukangoja, wee! Muema akalazwa hospitali. Mama alilia jikoni akidhani simwoni. Mimi nilitamani kulirushia bomba lile mawe, lakini mawe yangefanya nini? Mwenye nguvu mpishe, majirani walituambia.

Kisha Bi Mutindi, afisa wa afya ya umma, akaja shuleni kukagua vyoo kama afanyavyo kila muhula. Nilimfuata nikamweleza yote. Jioni alikuja mtoni, akawaita Mama na Munyao.

Munyao alirudia wimbo wake uleule. Bi Mutindi hakubishana naye.

"Mama Kalekye, hebu chimba hapo aliposimama."

Mama alichimba miguuni pa Munyao. Maji ya kahawia yakapanda, yakamlowesha viatu. Loo, alivyoruka!

"Hiki ni kisima," Bi Mutindi akasema, "na watu wanakunywa maji yake. Sheria ya afya ya umma inakataza kuchafua maji ya kunywa ya watu, hata yakiwa chini ya mchanga."

"Ile ya wakoloni? Si imezeeka hiyo!"

"Imezeeka, lakini haijafutwa, na cheti chako hakiifuti. Funga bomba leo, ama tukutane kortini."

Bomba likafungwa. Muema alirudi nyumbani amekonda, lakini anacheka. Nilikimbia mtoni na kata yangu, nikachimba. Maji bado yalinuka. Nilikaa pale mchangani nikalia.

"Yatasafika lini?" nilimuuliza Bi Mutindi alipokuja tena kukagua maji, akatukuta mimi na Mama mtoni.

Aliokota konzi ya mchanga, akaunusa. "Mvua ikinyesha, mto ukafurika. Pengine Novemba, pengine baadaye. Sheria inamzuia mtu asimwage tena, Kalekye. Haiwezi kuzoa alichokwisha kumwaga."

"Sisi tulidhani hakuna sheria," Mama akasema. "Munyao ndiye aliyetuambia hivyo."

"Na mkamwamini mwenye bomba! Sheria hii ilikuwepo siku ya kwanza mliponusa maji. Lakini haina miguu, Mama, lazima iitwe, na iitwe mapema. Mtu akikuambia hakuna sheria, uliza kwanza."

Mama aliinamisha kichwa. Kisha tukajitwika mitungi mitupu, tukapanda kilima kwenda kwenye tangi la shule, ambako Bi Mutindi alikuwa ametuombea ruhusa ya kuteka mpaka mvua inyeshe.