Kufuli Zima, Kamongo Hayupo

Jumatatu asubuhi, saa mbili kasorobo, Emanuel Mseti alifungua kibanda chake cha kutengeneza simu pale Nyasho, Musoma, akakuta kila kitu mahali pake isipokuwa kimoja. Simu za wateja zilikuwa mezani. Kompyuta ilikuwepo. Kufuli la mbele alilikuta zima, na mlango wa nyuma ulikuwa umekomewa kwa ndani kama siku zote. Kilichokosekana ni Kamongo.

Kamongo huyu hakuwa samaki. Alikuwa roboti ya kupigana, ndogo kuliko mkate wa dukani, uzito wake chini ya nusu kilo, na kwa mbele ilikuwa na panga fupi la chuma linalozunguka. Emanuel na mwenzake, mwalimu Judith, walikuwa wakiiunda tangu mwaka uanze, jioni baada ya kazi, na magurudumu yake waliyachonga kwenye kandambili ya bluu. Ilikuwa roboti yao ya kwanza. Jumamosi ya wiki hiyo ilikuwa iende kupigana kwenye mashindano ya Bunda, ndiyo maana walimpa jina la yule samaki wa ziwani anayeng'ata hata akishapakiwa mtumbwini.

Sajenti Marcelina alifika saa tatu, akiwa amechoka kabla ya kuanza. Alikuwa anakaribia kustaafu, miguu yake ilivimba kila siku ikifika mchana, na mezani kwake kulikuwa na majalada ya wizi wa ng'ombe yasiyo na mwisho. Sasa ameitiwa mdoli wa chuma. Aliketi kwenye ndoo iliyofunikwa, akafungua kalamu.

"Ufunguo uko kwa nani?"

"Kwa Mzee Magige, mlinzi," alisema Emanuel. "Mwenye vibanda hataki ufunguo wa pili. Jumamosi jioni ninamwachiaga yeye, Jumatatu ananirudishia."

"Na wewe jana ulikuwa wapi?"

"Guta, kwa mama. Nimeingia leo na basi la kwanza." Emanuel alielekeza kidole kwenye msumari ukutani. "Afande, na plagi nyekundu haipo. Bila ile plagi, roboti haiwaki. Tukimaliza mazoezi tunaichomoaga, tunaitundika pale. Huyu mwizi anajua kazi."

"Unamshuku nani?"

"Enos wa Bunda. Ndiye bingwa wa mwaka jana. Alikuja Jumamosi, akamwangalia Kamongo, akacheka. Akasema, 'Huyu hafiki Bunda.' Mwalimu naye alisikia."

Mwalimu Judith alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu. Alifundisha fizikia Butiama, lakini kila mwisho wa wiki alilala kwa shangazi yake hapa Musoma kwa ajili ya kwaya. Emanuel alipompigia simu alikuwa bado hajaondoka. "Ni kweli alisema," alijibu kwa sauti ndogo. Akatoa kwenye mkoba kifaa chenye vijiti viwili. "Imebaki rimoti tu. Huwa inakaa kwangu kwa sababu dereva ni mimi."

Marcelina alizunguka nyuma. Dirisha lilikuwa na nondo na wavu, halikuguswa. Uchochoro ulikuwa na jivu jingi, kwani mama mkaanga samaki wa jirani humwaga hapo kila Jumamosi, na Jumapili hakaangi. Juu ya jivu aliona mistari miwili myembamba iliyotoka mlangoni na kuishia katikati. Watoto na vigari vyao, alijisemea. Miguu ilikuwa inamuuma, akarudi kwenye ndoo yake.

Saa tano Mzee Magige alitolewa mbele ya vibanda akiwa na pingu, wateja wa sokoni wakimtazama. Kituoni alijibu maswali akiwa amesimama, ingawa alipewa kiti.

"Jana nani aliingia kibandani, mzee?"

"Mwalimu peke yake. Saa tatu hivi, anaenda kanisani. Alisahau Biblia. Nikafungua, nikakaa mlangoni. Hakukaa sana."

"Alitoka na nini?"

"Na Biblia. Mimi nakaguaga mkoba wa kila mtu, akiingia na akitoka, hata awe padri. Biblia, leso, na kile kidude chake cha vijiti. Basi. Yule binti msimsumbue, afande."

"Kwa hiyo aliyebaki na ufunguo ni wewe."

"Ni mimi. Na sikuchukua."

Kamera hakuna, kufuli zima, ufunguo mmoja. Mkuu wake Marcelina alisema jalada liende kwa waendesha mashtaka Ijumaa, watu wapumzike. Mdhamini hakupatikana, nani amdhamini mlinzi anayesemwa kaiba alicholinda? Nyangi, binti wa mzee, alikuja kutoka Kiriba na bakuli la ugali na furu, samaki wadogo wa kukaanga. Alikuja Jumanne. Akaja tena Jumatano.

"Afande mama," alimwambia Marcelina kwenye benchi la mapokezi, "kijijini wameshasikia. Kwetu ukiitwa mwizi, hata ukitoka, ng'ombe wa mtu akipotea wanaanzia kwako. Baba ni mzee. Atakufa na hilo jina."

Marcelina alijua ni kweli. Yeye mwenyewe alizaliwa kwenye nyumba ya wafuga ng'ombe, na alipomtazama binti huyo aliona aibu. Alhamisi asubuhi alipanda basi la Bunda, hivyo hivyo na miguu yake.

Enos alikuwa na karakana nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki. Hakuonyesha woga wowote.

"Jumapili nilikuwa hapa na watu kumi, tunajenga uwanja wa mashindano. Uliza yeyote."

"Ulisema hafiki Bunda."

"Nilisema." Enos alijikuna kidevu. "Lakini sikuitazama roboti, mama. Nilimtazama mwalimu. Anaipangusa na leso yake ya mfukoni. Roboti ya kwanza ni ugonjwa. Ya kwangu ilipopasuliwa mbele ya watu, nilijifungia chooni nikalia, na mimi ni baba wa watoto wawili. Yule mwalimu aliniuliza mara mbili: ikivunjika, inarudi kuwa ileile?"

"Ukamjibuje?"

"Ukweli. Hairudi." Aliinama, akaweka sakafuni kitu cheusi, bapa. "Ngoja nikuonyeshe, maana naona hujawahi kuona."

Kilichofuata kilimfanya Marcelina ainue miguu juu. Kile kidude kilipita chini ya kiti chake, kikazunguka meza, kikapenya chini ya mlango na kutokea nje kwenye jua. Enos alikuwa bado amesimama palepale, rimoti mkononi.

"Na mtu mwingine akiwa na rimoti yake, anaweza kuiendesha hii yako?"

"Hawezi. Kila moja inasikia rimoti yake tu."

Marcelina alishusha miguu. Kwa siku nne alikuwa anatafuta mikono iliyokibeba kile kitu. Hakuuliza hata mara moja magurudumu yake ni ya nini.

Saa tisa alasiri alikuwa amepiga magoti kwenye uchochoro wa Nyasho, jambo ambalo daktari wake alimkataza. Chini ya mlango wa nyuma mbao ilikuwa imelika, na mwanya wake uliingiza vidole vinne vilivyosimamishwa. Kwenye mbao iliyochanika kulikuwa na vipande vidogo vya raba ya bluu. Akaikumbuka ile mistari iliyoishia katikati ya jivu. Wazee wa kwao wanaofuata ng'ombe walioibwa hawahangaiki na zizi, wanafuata unyayo; na unyayo ukikatika ghafla, wanajua mnyama kapakiwa. Hilo alilijua tangu utoto, na Jumatatu alilipita.

Aliwapigia simu watu wa kwaya ya mwalimu. Kisha akamwomba mkuu wake siku moja zaidi, akasemwa kwanza ndipo akapewa.

Ijumaa saa tisa, masomo yalipokwisha, alikuwa sebuleni kwa mwalimu Judith, Butiama. Emanuel alikuja naye, hajui kwa nini. Chai ilimiminwa, hakuna aliyekunywa.

"Mwalimu," alianza Marcelina, "mtu anakwenda kanisani na rimoti ya nini?"

Judith alisogeza kikombe chake.

"Mzee Magige aliikuta kwenye mkoba wako Jumapili, wakati unaingia na wakati unatoka. Aliniambia Jumatatu, nikaiandika, nikapita. Ulijua atakukagua, kwa hiyo hukubeba kitu. Ulichomeka plagi, ukamweka Kamongo sakafuni, ukachukua Biblia uliyoiacha makusudi. Mzee akafunga kufuli. Ibada ya pili, baada ya wimbo wa kwanza, ulitoka umeshika tumbo; kwaya wanasema ulirudi wakati wa sadaka. Ulisimama dirishani nyuma, ukamtoa chini ya mlango, ukamwokota kwenye jivu."

Emanuel alicheka kidogo, akitafuta mtu wa kucheka naye. Hakumpata.

"Judith? Tuliunda wote. Kwa nini?"

Mwalimu aliingia chumbani, akatoka na furushi la kitenge, akalifungua juu ya meza. Kamongo alikuwa mzima. Plagi nyekundu ilikuwa imechomolewa na kufungwa kwa uzi pembeni.

"Nilikuambia tungoje mwaka mwingine, ukakataa," alisema. "Maisha yangu yote nafundisha mota ubaoni. Hii ndiyo ya kwanza niliyoishika ikazunguka. Halafu niipeleke ikachanwe dakika moja watu wapige makofi? Ningeirudisha Jumapili hii, mashindano yakishapita. Ningesema nimeiokota."

"Na mzee?" aliuliza Marcelina.

"Nilijua watamwachia siku hiyohiyo. Hawakumwachia. Jumanne nikashindwa kusema, Jumatano ikawa ngumu zaidi." Alianza kulia. "Alinishuku?"

"Mara tatu nilimhoji, mara tatu alisema hivi: mwalimu alichotoa mle ni Biblia tu, msimsumbue yule binti. Alikutetea. Ushahidi wake wa kweli ndio uliomfunga yeye na kukuacha wewe huru." Marcelina alikuwa na hasira, na sehemu yake ilikuwa hasira juu yake mwenyewe. "Umekihurumia chuma, mwalimu."

Taarifa ya uongo ina sheria yake, na Marcelina aliiandika yote bila kuacha neno. Lakini Mzee Magige alipofunguliwa aliomba jambo moja kwanza: yasemwe pale alipofungwa pingu, saa ya soko, mbele ya walewale.

Ndiyo maana Jumamosi asubuhi Judith alisimama mbele ya vibanda vya Nyasho na kueleza. Sauti ilimkatika, akarudia kwa nguvu ili na wa nyuma wasikie. Hakuna aliyempigia kelele. Mama mkaanga samaki alisema, "Mungu wangu," akaendelea kushika kijiko chake bila kukaanga.

Emanuel alimnyooshea mzee ufunguo kwa mikono miwili. Mzee aliutazama, hakuupokea.

"Nionyesheni hicho kitu," alisema.

Judith alipiga goti akamkabidhi. Magige alikigeuza kiganjani, akagusa gurudumu la kandambili kwa kidole gumba. Alikohoa, akangoja kikohozi kipite.

"Ni haka?"

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

"Haka tu, ndiko kalinilaza kwenye sakafu siku zote hizi?" Alimrudishia. Hakusema kama amesamehe au hajasamehe. "Kanapigana kweli?"

"Kanapigana, baba. Ila katavunjika."

"Kapelekeni Bunda leo leo. Mimi kameshanipiga. Na kenyewe kakapigwe."

Nyangi alimshika baba yake mkono, wakaenda kutafuta gari la Kiriba.