Alama Chini ya Mrashi

Jumamosi moja ya mwaka 1985, soko la Malindi limefurika hata nzi wapiga foleni, mikono miwili ilitua pamoja juu ya fungu la mwisho la ndimu.

"Kaka, hizi zangu," alisema Zuleikha. Buibui lilimteleza begani, leso ya manjano ikawaka kama taa.

"Ndimu zote hizi? Wapikia mji mzima?"

"Nina shaba za kusugua. Marehemu nyanya kaniachia vikorokoro, hata paka wetu akitaka kupita huuliza njia."

Mahadhi, kijana wa shati jeupe na kofia ya kufuma, akacheka. "Nyanya yako nani?"

Alipotajiwa jina, kicheko kikamkauka. Kisha upesi: "Mimi hodari wa kusugua. Nijaribu."

Ikawa kila alasiri wako uani, shangazi akikoroma mkekani jicho moja wazi. Birika huku, vyetezo vya ubani kule, sahani za kaure, santuri zilizopinda kama chapati. Pendo likaota baina ya jivu na ndimu.

Lakini Zuleikha aliona jambo. Kila kitu, kabla hajakisugua, Mahadhi alikipindua akachungulia chini.

"Watafuta nini, mpenzi?"

"Uchafu, roho yangu."

"Uchafu hukaa chini tu?"

Siku hizo wanunuzi wa vitu vya kale walizunguka mitaani na maneno matamu, wakinunua urithi wa watu kwa bei ya mchicha, wakawauzie watalii. Nao hupindua hivyo hivyo.

Jumatano Mahadhi akapindua mrashi wa fedha, ule wa kunyunyizia wageni marashi, akauweka kama umemuunguza. Jioni simu ikalia.

"Zule, ule mrashi usimpe mtu."

"Kwa nini?"

"We usimpe tu."

"Nakuuliza, kwa nini?"

"Nipe siku mbili, nitakwambia."

"Dalali mkubwa! Ulinipenda mimi au kabati la nyanya? Usikanyage kwetu!" Akaibamiza simu hata kunguru wa mtaa mzima wa Shela wakaruka.

Akaupindua mrashi mwenyewe. Chini, madoa matatu mekundu. Vyombo vya arusi huazimwa, na kila nyumba hutia alama yake visipotee. Alama ya kwao ilikuwa mstari wa kijani.

"Shangazi, madoa matatu ni ya nani?"

Shangazi akafungua jicho la pili. "Ya Bi Jaha, mamake huyo msugua shaba wako. Miaka ishirini atutangaza wezi wa mrashi."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza. Nazo shaba zilikuwa zang'aa."

Kumbe kilichofuatwa ni mrashi! Zuleikha akautia chini ya buibui, akaenda kwa Bi Jaha.

"Shikamoo, Bi Jaha. Mrashi wenu huu."

"Marahaba. Ehee! Si nilisema?" Bi Jaha akapiga makofi.

Mahadhi akaruka kitini. "Mama, basi! Zule, mama aliapa hapeleki posa kwenu mpaka mrashi urudi. Nilitaka niupate kimya kimya, usiaibike."

"Na sokoni?"

"Sokoni nilifuata ndimu. Ulipomtaja nyanya yako, nilikuwa nishapotea kwako."

Zuleikha alitaka kuamini, moyo ukagoma. Kahawa ikaletwa. Vikombe vilipoondolewa, mkono wake, kwa mazoea aliyoambukizwa na Mahadhi, ukapindua sinia.

Mstari wa kijani.

Akateremsha sahani ya ukutani. Mstari. Bakuli la kabatini. Mstari. Alipofika cha saba, vyote vimejipanga miguuni pa Bi Jaha, mama yule akajifunika uso kwa mtandio.

"Vilichanganyika ile arusi ya kina Kavumbi," alinong'ona. "Watu walikuwa wengi..."

"Naam, wengi." Zuleikha akamtazama Mahadhi, akatabasamu, kisha akauchukua mrashi, akaurudisha chini ya buibui.

"Ah! Waenda nao wapi tena, mwanangu?"

"Kwetu, Bi Jaha. Kubeba vyombo mara mbili ni taabu bure. Nitakuja nao siku nitakayoletwa kwa ngoma."

Mahadhi alitoka mbio kutafuta mshenga, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.