Habari Iliyotaka Kutoka Mapema

Siku zile mfuma sweta alikuwa kama anaelea. Alikaa dirishani, uzi mweupe ukipita vidoleni, akasahau alipofikia akaanza kufumua. Jua la alasiri lilimpa usingizi mtamu.

Alikuwa mjamzito, na hakuna aliyejua. Mimba ya kwanza iliharibika baada ya ukoo mzima kushangilia. Mumewe, mwoka mikate, aliacha kupiga mluzi kwa muda mrefu. Safari hii mke alitaka kusubiri.

Maswali yake aliiuliza simu, ambayo yeye na mumewe waliitumia pamoja. Tovuti moja ya akina mama ikauliza kitu. Akabonyeza "Ruhusu" bila kusoma.

Siku moja alitembelewa na wifi yake, dada wa mumewe, mwalimu wa kompyuta. Wifi aliazima simu ampigie kaka yake kwa simu ya kazini. Ghafla kioo kikawaka: "Hongera mama! Mtoto wako sasa analingana na harage."

Wifi akamtazama. "Kaka anajua?"

"Hajui." Machozi yakamlengalenga. "Namwonea huruma, wifi. Na simu hii itanitangulia kusema!"

"Haitasema. Njoo tuizibe mdomo."

"Kumbe wifi haivujishi siri?"

"Ya hewani sijui. Huyu wa damu havujishi."

Wakacheka, wakakaa bega kwa bega.

"Fungua kivinjari, kile unachosomea mtandaoni. Gusa vitone vitatu hapo pembeni, kisha Mipangilio. Majina hutofautiana kidogo kati ya simu na simu. Ingia Mipangilio ya Tovuti, halafu Arifa."

Tovuti ya akina mama ilikuwepo. Wakaizuia.

"Sasa tazama Mahali. Nani anaruhusiwa kujua ulipo?"

"Hee! Duka la viatu? Linanitafutia nini?"

Wakalizuia pia. Wakakagua kamera na maikrofoni. Kisha wakaingia Faragha na Usalama.

"Na matangazo ya vitanda vya watoto yanayonifuata kila ukurasa?"

"Hiyo ni kazi ya vidakuzi. Ni kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye simu ili zikutambue. Zuia vile vya makampuni mengine, kisha futa vya zamani pamoja na historia. Baadhi ya tovuti zitakudai nywila upya, usishtuke."

"Nikitaka kusoma tena?"

"Tumia dirisha fiche, lipo kwenye vitone vilevile vitatu, ukimaliza ulifunge. Simu haitaweka historia. Ila tovuti yenyewe na wenye mtandao bado wanaweza kukuona."

Mfuma sweta akarudia hatua zote mwenyewe, polepole, mpaka kidole kikazoea njia.

Majuma yakapita. Simu ilinyamaza. Daktari alipomhakikishia kwamba mtoto anakua vizuri, alimngoja mumewe atoke zamu ya usiku. Mume akaingia asubuhi, unga ungali kwenye nyusi. Mke akamwambia kwa kinywa chake mwenyewe.

Mume akakaa chini.

"Anatusikia?" akanong'ona.

"Bado kidogo."

"Basi tuongee taratibu," akasema, akamsogelea.