Kilichosikika Nyumbani kwa Bi Mboni

Sajini Mbaraka hakuwa na baiskeli, maana mpira wa ile ya kituo ulipasuka tangu Ramadhani. Hakuwa na daktari wa karibu wa kupima maiti. Hakuwa na msaidizi, ila askari mmoja aliyelala na homa. Na asubuhi ile ya mwaka 1938, alipoitwa nyumbani kwa Bi Mboni, hapo hapo Kisarawe, hakuwa hata na muda. Lori la Dar es Salaam lingeondoka adhuhuri, na mtuhumiwa alipaswa kupanda pamoja na barua yake.

Bi Mboni alikuwa kitandani chumbani mwake, amekufa, alama za vidole shingoni. Tatu, binti wa kaka yake aliyemlea mwenyewe, ndiye aliyemkuta aliporudi harusini alfajiri.

Mbaraka alitazama bila kugusa kitu. Nyayo za marehemu zilikuwa na udongo mbichi. Juu ya kitanda palikuwa na dari ya boriti na fito, imekandikwa udongo ambao bado ulinukia. Akatoka uani. Karibu na choo kopo la maji lilikuwa limelala ubavu, na ndara za marehemu moja huku, moja kule.

"Jana walilala nani humu?" alimwuliza Tatu aliyemfuata.

"Shangazi, mume wangu Kondo, na Mzee Mwinyijuma, shemeji yake shangazi. Alifika jana magharibi kutoka Mlandizi. Hajakanyaga hapa tangu matanga ya ndugu yake, marehemu mume wa shangazi, mwaka juzi."

"Na ile dari ya chumbani?"

"Ya mwezi huu, afande. Kondo ndiye aliyeipandisha. Shangazi alichoka, alisema dua zake za usiku zinasikika mpaka jikoni."

Mzee Mwinyijuma alikuwa barazani, tasbihi mkononi, majirani wamemzunguka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mimi nililala chumba cha mbele, ng'ambo ya ukumbi. Nyumba zetu hizi unazijua. Kuta zinaishia juu kidogo ya kichwa, na paa ni moja. Ukikohoa mbele, wa nyuma anakuambia pole. Basi nilimsikia shemeji, kwa sauti ya chini kabisa: 'Kondo, niachie shingo.' Nikadhani ni utani wa watu wa nyumba moja."

"Utani wa shingo, mzee?"

"Mimi mgeni. Ningeingilia?"

Kondo alikuwa amefungwa mikono kwenye nguzo ya baraza. Majirani ndio waliomfunga.

"Nasikia jana mligombana," alisema Mbaraka.

"Kwa sababu ya mbuzi, afande! Wanalamba kuta, wanapenda chumvi ya ule udongo. Akaniambia, 'Kondo, mbuzi wako wanakula nyumba yangu, wape na mlango wamalizie.' Mwenyewe alicheka! Mzee huyu alikuwepo, alisikia."

"Na usiku hukusikia kitu?"

"Usiku wa juzi nilikesha shambani kulinda mihogo isiliwe na nguruwe. Jana nililala kama gogo."

"Gogo lenye mikono," jirani mmoja alitupa neno.

Tatu alimfuata sajini hadi ukumbini. "Wakimpandisha lori lile, atarudi?"

Wale aliowapandisha Mbaraka kwa kesi ya kuua, hakuwahi kumwona hata mmoja akirudi. Alimnong'oneza Tatu maneno machache.

Maiti ilipotolewa kwenda kuoshwa, Tatu aliingia chumba cha shangazi yake akafunga mlango. Mbaraka akaketi na Mwinyijuma kwenye kitanda cha wageni, mlango wao nao umefungwa.

"Nimemwambia Tatu aseme yale maneno uliyoyasikia, kwa sauti ya chini ile ile. Nataka uniambie kama ndivyo yalivyokuwa."

Wakasikiliza. Kuku alilia uani. Mzee alivuta punje mbili za tasbihi, kisha akakohoa.

"Bado hajaanza," alisema.

Mbaraka akainuka, akamshika mkono, akavuka naye ukumbi na kuusukuma mlango wa pili. Tatu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, machozi yanamtiririka, midomo bado inacheza.

"Nimesema mpaka koo limekauka, afande."

"Tazama juu, mzee."

Mwinyijuma akainua uso. Tasbihi ikamponyoka.

"Jana palikuwa giza, hukuiona dari hii inayozuia sauti," alisema Mbaraka. "Bi Mboni hakugombana na mtu chumbani humu. Alikabwa uani, kopo na ndara vikabaki huko, akaletwa hapa na udongo miguuni."

"Boriti za nyumba hii nilizibeba begani!" Mzee alipaza sauti. "Mimi na ndugu yangu Husseini! Nikaomba chumba kimoja cha kuzeekea. Akanijibu kwamba Husseini alimpa nyumba mbele ya mashahidi, na yeye atampa Tatu. Tatu! Mtoto wa watu baki!"

"Na kama Kondo angenyongwa, Tatu angebaki peke yake mbele yako."

"Nyumba hii naijua hata nikifumba macho."

"Uliijua ya Husseini, mzee. Ya Bi Mboni hukuijua."

Barazani, Tatu alikuwa akifungua kamba mikononi mwa mumewe, na yule jirani wa maneno alimsaidia kwenye fundo. Lori lilikwisha kuwashwa. Mbaraka akakunjua barua aliyoianza asubuhi, ambamo mahali pa jina alikuwa amepaacha wazi. Akaandika: Mwinyijuma, wa Mlandizi. Akaikunja, akayeyusha lakiri kwenye mshumaa, akagandamiza muhuri mpaka lakiri ikaganda. Kisha akampandisha mzee nyuma ya lori, na barua akamkabidhi dereva mkononi.